Shajara ya mradi: mwongozo wa maabara kwa wanaoanza biolojia

Jumatatu, kupanga kazi

Kazi imeanza. Tunaandika mwongozo mfupi wa mbinu za msingi za maabara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia, ambao wengi wao hawajawahi kushika pipeti, yaani kifaa cha kuvuta na kumimina kimiminika kwa kipimo. Mwongozo wa zamani unawarusha moja kwa moja kwenye majaribio: fanya osmosisi (maji kupenya utando wa seli), pima wanga, otesha bakteria. Mbinu zenyewe zimefichwa humo ndani, sentensi moja hapa, nyingine pale. Matokeo yakiharibika, mwanafunzi hajui kama tatizo ni kiazi, ni myeyusho au ni mkono wake. Mwishowe anaandika kwenye ripoti kwamba kulikuwa na makosa ya kibinadamu, na hapo hajamwambia mtu chochote.

Kwa hiyo mhimili wa mradi ni huu: kila mbinu iende na zoezi dogo la kujikagua ambalo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Mwanafunzi akipima maji kwa pipeti, ayapeleke kwenye mizani, na mizani ndiyo imwambie kama amepatia. Si kazi ya mwalimu kupita nyuma yake akisema "vizuri" au "rudia". Mbinu ambayo hatutaipatia njia ya kujikagua, tutaulizana kama inastahili sura.

Yatakayoingia: usalama na daftari, kupima ujazo, hadubini na kupaka rangi, miyeyusho na uzimuaji (kupunguza ukolezi wa myeyusho), vipimo vya chakula, na kazi ya kuotesha vijidudu bila kuingiza vijidudu wageni. Elektroforesisi (kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme ndani ya jeli) na PCR (kunakili DNA mara nyingi) zimebaki nje. Mwenzangu alizitetea sana, nikakataa. Asiyeweza kuchukua maikrolita 10 (mililita 0.01) kwa uhakika hana cha kufanya mbele ya jeli.

Jumatano, usalama na daftari

Sura hii imekwisha na itabaki fupi, maana sura ndefu ya usalama haisomwi. Miwani na koti. Nywele ndefu zifungwe. Hakuna kula wala kunywa. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kemikali ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Kunusa ni kwa kupepea mvuke kidogo kuelekea puani. Nimeongeza jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha: glasi iliyotoka motoni haitofautiani kwa sura na glasi baridi. Sogeza mgongo wa kiganja karibu nayo kwanza, usikie joto, ndipo ushike.

Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino, kurasa zikiwa na namba. Kilichokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, kwa sababu mara nyingine namba iliyokatwa ndiyo iliyokuwa sahihi. Kujikagua hapa ni rahisi: badilishaneni madaftari, kila mmoja arudie hatua za mwenzake bila kuuliza swali. Pale atakapokwama, ndipo daftari lina pengo.

Ijumaa, kupima ujazo

Hapa nilitaka kukaa zaidi, na nimekaa.

Tumeanza na vyombo vya glasi. Maji ndani ya silinda ya kupimia hupinda, yakipanda ukingoni na kushuka katikati. Husomwa sehemu ya chini kabisa ya mpindo, jicho likiwa usawa ule ule. Anayesoma kutoka juu hupata namba kubwa kuliko ujazo halisi, na anayesoma kutoka chini hupata ndogo. Zoezi: wanafunzi watatu wasome silinda moja, kila mmoja aandike bila kuwaonyesha wengine, kisha walinganishe. Tumeweka pia onyo kuhusu bika. Mistari yake ni ya kukadiria tu, ikiweza kupotoka kwa takriban asilimia 5, na anayepima myeyusho wa majaribio kwa bika ajue anakisia.

Kisha maikropipeti, pipeti ya ujazo mdogo sana. Chombo hiki ni kipya kuliko wanafunzi wanavyodhani: cha aina hii, chenye kitufe cha kubonyezwa na springi, kilibuniwa na Heinrich Schnitger huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1957. Kabla ya hapo watu walivuta vimiminika kwa mdomo kupitia mrija wa glasi, hata vile vya sumu.

Siri yote iko kwenye kidole gumba. Kitufe kina vikomo viwili. Unabonyeza hadi kikomo cha kwanza ukiwa bado hewani, unazamisha ncha milimita 2 au 3 tu, unaachia polepole, unasubiri kidogo, unatoa. Wakati wa kumimina, unagusisha ncha kwenye ukuta wa chombo, unabonyeza hadi kikomo cha kwanza, kisha unasukuma hadi cha pili ili tone la mwisho litoke. Mwanafunzi mpya karibu kila mara hubonyeza hadi mwisho kabla ya kuvuta, kwa sababu kidole hakijajua kwamba pale katikati kuna mahali pa kusimama. Tumeongeza zoezi la kubonyeza pipeti tupu macho yakiwa yamefumbwa mpaka kikomo cha kwanza kijulikane kwa kukigusa. Linaonekana la kitoto, lakini linafanya kazi kuliko mchoro wowote.

Ukaguzi wenyewe ni wa mizani. Maikrolita 1000 za maji kwenye nyuzi joto 20 zina gramu 0.998. Weka chombo kidogo kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina, soma, na rudia. Kilichotufurahisha ni kwamba kila kosa linaacha alama yake. Namba zikiwa juu, tena kwa kiasi kikubwa, mwanafunzi anavuta kutoka kikomo cha pili. Zikiwa chini na kuyumbayumba, anaachia kitufe kwa haraka, na mara nyingi kiputo cha hewa kitaonekana ndani ya ncha. Zikiwa chini lakini zinafanana, ncha haikukaza au pipeti yenyewe inahitaji kurekebishwa. Zikiwa juu kidogo tu, angalia kama kuna tone linaloning'inia nje ya ncha; amezamisha mno. Jedwali hili la dalili limechukua ukurasa mzima na sitaki lipunguzwe.

Kwa pipeti ndogo, mizani ya kawaida haioni maikrolita 10. Tumeelekeza wamimine mara kumi kwenye chombo kimoja, kisha wagawe. Mambo mawili ya kutunza chombo: usizungushe namba kupita kiwango chake cha juu, na usiilaze pipeti ikiwa na kimiminika ndani ya ncha, maana kitaingia kwenye mwili wake na kuozesha springi.

Jumanne, hadubini

Rasimu ya kwanza ilianza na majina ya sehemu za hadubini, mishale ikielekea kila upande. Tumeihamishia nyuma. Sasa sura inaanza na kipande cha karatasi chenye herufi moja iliyochapwa, tuseme "a". Iangalie kwa lenzi ya 4x. Imegeuka juu chini na kushoto kulia. Sukuma slaidi kulia, picha inakwenda kushoto. Mwanafunzi akishaliona hili kwa macho yake, hatatafuta kielelezo upande usiofaa.

Utaratibu: anza na lenzi fupi kila mara, skrubu kubwa itumike hapo tu, na ukiwa unatazama kutoka pembeni wakati wa kupandisha meza, lenzi haitagonga slaidi. Ukishapata picha safi, zungusha lenzi inayofuata na urekebishe kwa skrubu ndogo peke yake. Hadubini nyingi zimeundwa ili picha ibaki karibu na umakini wake lenzi zinapobadilishwa. Anayeigusa skrubu kubwa kwenye 40x ndiye anayevunja vifuniko vya slaidi.

Mwanga ndio unaodharauliwa zaidi. Mwanafunzi akiona picha hafifu hufungua mwanga wote, na seli isiyo na rangi inapotelea kwenye weupe. Funga kidogo tundu la mwanga chini ya meza na kingo zinajitokeza. Tumeweka maelekezo haya kabla ya kielelezo chochote cha uhai.

Mazoezi ya kujikagua ni mawili. La kwanza ni nyuzi mbili za rangi tofauti zilizopishana: kwa lenzi ya 40x zote mbili hazionekani vizuri kwa wakati mmoja, na mwanafunzi aseme ipi iko juu kwa kuzungusha skrubu ndogo tu. La pili ni upana wa eneo linaloonekana. Rula ya plastiki inayopitisha mwanga, chini ya lenzi ya 4x, kwenye hadubini yenye lenzi ya jicho iliyoandikwa 10x/18 (18 ni milimita, hugawanywa kwa ukuzaji wa lenzi ya chini), itaonyesha takriban milimita 4.5. Kwa 10x ni milimita 1.8, na kwa 40x ni milimita 0.45, yaani maikromita 450, ambayo rula haiwezi tena kuipima bali hupatikana kwa hesabu. Akishaijua namba hiyo, anaweza kukadiria ukubwa wa chochote anachokiona: seli nne zikijaza upana wote kwenye 40x, kila moja ina kama maikromita 110.

Kwa wenye kipimo ndani ya lenzi ya jicho tumeandika pia jinsi ya kukilinganisha na slaidi ya kupimia, ile yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100. Kama mistari 100 ya kwenye jicho inaangukia mistari 25 ya slaidi, hiyo ni maikromita 250, na kila mstari wa jicho ni maikromita 2.5 kwa lenzi hiyo. Kwa lenzi nyingine hesabu inaanza upya. Sentensi hiyo ya mwisho iko kwa herufi nzito.

Alhamisi, kupaka rangi

Vielelezo ni vile vile vya siku zote, ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu kwa iodini na seli za ndani ya shavu kwa bluu ya methilini, na sioni sababu ya kutafuta vingine. Vinapatikana, na vinaonyesha tofauti ya ukuta wa seli waziwazi. Robert Brown alikipa kiini jina lake mwaka 1831 baada ya kukiona kwenye seli za mimea, na ngozi ya kitunguu iliyopakwa iodini inamwonyesha mwanafunzi kitu cha aina ile ile: duara la rangi ya kahawia lililosogezwa pembeni mwa seli.

Tatizo lililojitokeza kwenye majaribio ya rasimu ni viputo. Kiputo cha hewa chini ya kifuniko ni duara kamilifu lenye ukingo mnene mweusi na katikati kweupe, na ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye slaidi. Baadhi ya wanafunzi walikichora kwa uangalifu mkubwa wakakiandikia "kiini" na "utando". Dawa ya kwanza ni kukilaza kifuniko kwa mshazari wa kama nyuzi 45, upande mmoja uguse tone kwanza, kisha kishushwe taratibu kwa sindano. Ya pili ni kipimo. Seli ya shavu ina upana wa takriban maikromita 50 hadi 60. "Seli" yako ikitoka maikromita 500, sukuma kifuniko kidogo kwa ncha ya penseli na uone ikibadilika umbo. Hapo sura ya hadubini inalipa.

Vijiti vilivyoingia mdomoni viende moja kwa moja kwenye dawa ya kuua vijidudu. Michoro ni ya penseli, mistari isiyokatika, bila kivuli, na ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro kugawanywa kwa urefu halisi, si namba iliyoandikwa kwenye lenzi.

Jumatatu, miyeyusho na uzimuaji

Myeyusho wa sukrosi wa mola 1 kwa lita unahitaji gramu 342.3 katika myeyusho wenye ujazo wa lita 1. Neno zito ni "wenye ujazo". Ukiongeza gramu hizo juu ya lita nzima ya maji, ujazo unafika kama lita 1.2 na ukolezi unashuka hadi karibu 0.83. Yeyusha kwanza kwenye maji machache, kisha jaza hadi alama. Kwa darasa, gramu 34.2 kwa mililita 100 zinatosha.

Kanuni ya C1V1 = C2V2 (ukolezi mara ujazo kabla ni sawa na baada ya kuzimua) wanaikariri vizuri na kuitumia vibaya. Badala ya kuongeza maswali ya hesabu, tumeleta maji ya rangi. Mwanafunzi azimue nusu kwa nusu, kisha azimue tena hiyo nusu kwa nusu. Kando yake atengeneze moja kwa moja uzimuaji wa sehemu 1 kwa 4, yaani mililita 1 ya rangi na mililita 3 za maji. Neli mbili zikishikwa mbele ya karatasi nyeupe zinapaswa kufanana rangi. Anayeelewa "1 kwa 4" kuwa sehemu 1 ya rangi na 4 za maji anaonekana papo hapo.

Kwenye osmosisi ya vipande vya kiazi tumebadilisha kitu kimoja tu: ukaushaji. Vipande hupimwa tungamo kabla na baada ya kulowekwa, na mabadiliko huandikwa kwa asilimia ili tofauti ya ukubwa isisumbue. Lakini aliyebana kipande kwa karatasi kwa nguvu mwanzoni na kukigusa tu mwishoni tayari amejitengenezea osmosisi yake. Kabla ya kuloweka, apime kipande kile kile, akilowanishe kidogo kwa maji, akikaushe, apime tena, mara kadhaa. Mtawanyiko wa namba hizo ni kipimo cha mkono wake. Mabadiliko yoyote madogo kuliko mtawanyiko huo hayahesabiki.

Jumatano, vipimo vya chakula

Imekwenda haraka. Iodini kwa wanga hugeuka bluu-nyeusi, kemikali ya Biuret kwa protini hugeuka zambarau, ethanoli na maji kwa mafuta hutoa ukungu mweupe, kemikali ya Benedict kwa sukari rahisi kama glukosi hupita kijani, njano na chungwa hadi nyekundu ya tofali inapochemshwa kwenye maji moto. Ethanoli isikaribie mwali wa moto.

Kujikagua kulikuwepo tayari ila kulikuwa kunarukwa: neli moja ya maji matupu, moja ya kitu kinachojulikana kuwa nacho. Bila hizo, rangi ya sampuli haina maana. Sukrosi imepewa aya yake, kwa kuwa Benedict haiioni mpaka ichemshwe na asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha asidi ibatilishwe kwa bikaboneti ya sodiamu. Anayesahau bikaboneti hupata bluu na kuandika kwamba hakuna sukari.

Ijumaa, vijidudu

Sura ngumu, na ndiyo tuliyoijaribu kwa tahadhari zaidi. Agari, ute unaoganda ambao vijidudu huoteshwa juu yake, iliingia maabara kwa ushauri wa Fanny Hesse, ambaye mume wake alikuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Faida yake mwanafunzi anaiona mezani: huyeyuka karibu na nyuzi 85 lakini haigandi tena mpaka ishuke hadi kama nyuzi 40, kwa hiyo kuna muda wa kumimina, na kwenye chumba cha kuoteshea haiyeyuki. Sahani yenye mfuniko ni ya Julius Richard Petri, 1887, na bado mfuniko ndio kila kitu. Unainuliwa upande mmoja, kidogo, kwa muda mfupi, wala hauwekwi mezani.

Vijidudu vya kwenye vyombo na agari huuawa kwenye otoklevu, chombo cha mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kitanzi cha waya huchomwa hadi chekundu na huachwa kipoe kabla ya kugusa bakteria. Kikiwa bado cha moto, sauti ya "chwii" ni ya seli zinazokaangika. Meza hufutwa kwa ethanoli ya asilimia 70, ambayo huua vizuri kuliko ile isiyo na maji, kwa sababu maji husaidia kuharibu protini na kuchelewesha ukaukaji.

Kujikagua: kila kundi liwe na sahani mbili za ziada. Moja isifunguliwe kabisa. Nyingine ipitie hatua zote, kitanzi kichomwe, mfuniko uinuliwe, mistari ichorwe, ila bila bakteria. Ya kwanza ikiota kitu, agari au otoklevu ndiyo yenye kasoro. Ya pili peke yake ikiota, kasoro ni ya mkono. Tofauti hiyo moja imemaliza mabishano mengi ya meza kuliko maelezo yetu yote.

Sahani hugeuzwa juu chini ili matone ya mvuke yasidondokee koloni, yaani vidoa vya bakteria vilivyoota. Joto ni nyuzi 25, si 37, ili tusiwape nafasi vijidudu vinavyopenda mwili wa binadamu. Baada ya kuota hazifunguliwi, zinaangaliwa kupitia mfuniko, kisha zinarudi kwenye otoklevu kabla ya kutupwa.

Kuhesabu: sahani zenye koloni 30 hadi 300 ndizo zinazotumika. Koloni 84 kutoka mililita 0.1 ya uzimuaji wa mara 10,000 ni seli 8,400,000 kwa mililita, zinazoweza kuota. Hapo uzimuaji, pipeti na usafi vinakutana kwenye namba moja, na ndiyo maana sura hii iko mwisho.

Jumamosi, yaliyobaki

Ncha za mizizi ya kitunguu kwa kuangalia mgawanyiko wa seli bado hazijaingia. Hatua ya kulainisha, asidi hidrokloriki ya mola 1 kwenye nyuzi 60 kwa takriban dakika 5, inakwenda sawa. Kuponda kipande chini ya kifuniko ndiko kunakosumbua: ukibana wima kwa kidole gumba seli zinatandazika safu moja, ukiteleza pembeni hata kidogo kromosomu zinachanika. Njia ya kujikagua bado tunaitafuta. Mwenzangu anapendekeza waanze kwa kuponda ncha zisizopakwa rangi na kuhesabu sehemu ambazo seli zimepandana. Tutalijaribu pendekezo lake na kundi linalofuata, na lisipofaa sura itasubiri toleo jingine.